Tatizo la Z[√−3] si namba ya klasi

Kuna jibu moja ambalo sitaki kuliona tena kwenye karatasi ya mtihani. Huanza vizuri: 4 = 2·2 = (1+√−3)(1−√−3). Mwanafunzi anaonyesha kwa norma (a² + 3b² kwa namba a + b√−3) kwamba 2, 1+√−3 na 1−√−3 hazivunjiki, anakumbuka kwamba yuniti (namba zinazogawa 1) ni 1 na −1 tu, basi 4 ina njia mbili tofauti za kuvunjwa. Mpaka hapo kila hatua ni sahihi, mradi tuko ndani ya Z[√−3], yaani ringi ya namba a + b√−3, a na b zikiwa namba nzima. Kisha linakuja hitimisho: kwa hiyo namba ya klasi ya fildi Q(√−3) (idadi ya madaraja ya aidiali zake; 1 maana yake kila aidiali ina jenereta moja) si 1, na tukitumia aidiali (seti za namba za ringi zisizotoka nje zikijumlishwa, au zikizidishwa kwa namba yoyote ya ringi) badala ya namba, upekee utarudi.

Yote mawili si kweli. La pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hata wanafunzi hodari hulisema bila kusita.

La kwanza nalimaliza haraka. Namba kamili za Q(√−3), yaani zile ambazo ni mizizi ya polinomia yenye vizigeu vya namba nzima na kizigeu kikuu 1, si Z[√−3]. Ni Z[ω], ambapo ω = (1+√−3)/2, mzizi wa x² − x + 1. Hii ω ni yuniti: ukiipandisha kwenye kipeo cha 6 unapata 1. Sasa 1+√−3 = 2ω na 1−√−3 = 2ω⁻¹, kwa hiyo zile njia mbili ni njia moja iliyopakwa yuniti. Namba ya klasi ni 1. Hapakuwa na mgongano wowote. Kilichokosekana ni ω.

Sasa hilo la aidiali, na hapa naomba uchukue kalamu. Ndani ya Z[√−3], chukua P = (2, 1+√−3), aidiali inayozalishwa na namba hizo mbili. Ni aidiali tasa, na indeksi yake (idadi ya mabaki ya ringi ukigawa kwa P) ni 2. Zidisha P kwa P: unapata 4, 2+2√−3 na −2+2√−3. Toa 2 nje, na kinachobaki ni P yenyewe. Yaani P² = 2P. Kama aidiali za ringi hii zingevunjika kwa njia moja tu, tungefuta P pande zote mbili na kupata P = (2). Lakini 1+√−3 haimo ndani ya (2). Kufuta hakuruhusiwi.

Hali ni mbaya kuliko hiyo. P ndiyo aidiali tasa pekee iliyo na 2 ndani yake. Indeksi ya P ni 2, ya (2) ni 4, ya P² ni 8. Aidiali (2) imekaa katikati ya P na P², wala si yoyote kati ya hizo. Basi (2) si zao la aidiali tasa kwa njia yoyote ile, sembuse kwa njia ya pekee. Anayesema aidiali zitaiponya ringi hii anatoa dawa ya ugonjwa mwingine.

Ugonjwa huo mwingine upo, na unauona kwa usafi kwenye Z[√−5]. Huko 6 = 2·3 = (1+√−5)(1−√−5), na safari hii ringi ni kamili, hakuna namba iliyosahaulika nje. Chukua p = (2, 1+√−5). Fanya hesabu ileile, na utapata p² = (2). Ile 3 inapasuka kuwa q na q′, halafu 1+√−5 inazaa pq na 1−√−5 inazaa pq′. Njia zote mbili za kuvunja 6 ni p·p·q·q′ iliyopangwa upya. Hapa aidiali zinafanya kazi iliyoahidiwa, na namba ya klasi ni 2, si 1, kwa sababu p haina jenereta moja: a² + 5b² = 2 haina suluhisho.

Linganisha mistari miwili: P² = 2P, p² = (2). Tofauti ya somo zima imo humo.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kwanza hulipita. Unaweza kuipa Z[√−3] kundi lake la klasi, ukihesabu tu aidiali zenye kinyume, yaani zile zinazoweza kufutwa pande zote mbili. Diskriminanti ni −12, na namba ya klasi inayotoka ni 1. Ringi ina namba ya klasi 1, na bado 4 inavunjika kwa njia mbili! Ile P haina kinyume, hivyo haihesabiwi kabisa. Anayesoma namba ya klasi bila kuuliza kwanza kama ringi imekamilika (ina namba kamili zote za fildi yake) hatapata onyo lolote.

Kwa nini kosa hili halifi? Nadhani ni kwa sababu tunafundisha Z[√d] kwanza, halafu kanuni ya d kuacha baki 1 kwa 4 (hapo (1+√d)/2 nayo ni namba kamili) inakuja baadaye kama jambo dogo la kukariri. Historia nayo inatupotosha kidogo. Mwanahisabati Kummer, katika miaka ya 1840, alifanya kazi na Z[ζ], ambapo ζ ni mzizi wa 1 wa daraja tasa, na ringi hizo zimekamilika zenyewe. Alipoona upekee unaanguka kwa ζ ya daraja la 23, ulikuwa ugonjwa wa kweli, namba ya klasi 3. Alikuwa na bahati ya uwanja. Mwanahisabati Dedekind, aliyetaka nadharia ya fildi zote, ndiye aliyelazimika mwaka 1871 kuamua kwanza namba kamili ni zipi, ndipo azungumzie aidiali. Mpangilio huo una sababu.

Na usidhani kila mara utapata namba moja β inayozalisha ringi yote ya namba kamili, kama ω, ukitafuta zaidi. Dedekind alitoa mfano wa fildi ya mzizi wa x³ − x² − 2x − 8. Humo 2 inapasuka kuwa aidiali tasa tatu tofauti, kila moja ikiwa na baki mbili tu. Kama ringi ingekuwa Z[β], β ingehitaji baki tatu tofauti, ilhali zilizopo ni mbili tu, 0 na 1. Hakuna β.

Nina shaka yangu pia. Kila mwaka nasema kwamba kundi la klasi "linapima" jinsi upekee unavyoanguka, na kila mwaka sentensi hiyo hainiridhishi. Mwanahisabati Carlitz alionyesha mwaka 1960 kwamba namba ya klasi ikiwa 1 au 2, njia zote za kuvunja namba moja zina idadi sawa ya vigawo, na ikizidi 2 hilo huharibika. Hicho ni kipimo halisi, nakielewa. Lakini namba ya klasi 40 dhidi ya 41 inaniambia nini kuhusu kuvunjika kwa namba? Muundo wa kundi una maana zaidi ya ukubwa wake, hilo naliamini. Neno "kupima" bado nalitumia, kwa sababu sijapata lililo bora, na mwanafunzi akiniuliza linapima kwa kizio gani, sina jibu la kumpa ubaoni.