Bati la Bawa Si Nguo: Yanayosemwa Barazani na Yaliyo Kweli

Banda letu la uani hapa Fuoni, Unguja, lina bawa la ndege ya watu wawili tunayoiunda wenyewe juu ya meza, na halipiti siku bila ya wageni. Anayetoka msikitini husimama, anayepitisha mkate wa mofa naye husimama, na kila mmoja ana lake. Mengi wanayosema si kweli, ingawa hata mimi niliyaamini zamani.

Linalorudiwa kuliko yote: "Bati ni nguo tu, nguvu ziko kwenye mbavu."

Chukua kasha la viatu, vua kifuniko, likamate ncha mbili ulisokote kama unayekamua kanga. Linanyongoka bila ya taabu. Sasa rudisha kifuniko, kibandike kwa gundi pande zote, ujaribu tena. Karatasi ni ileile, lakini halisokoteki. Bawa ndivyo lilivyo. Boriti kuu huzuia lisipinde kwenda juu, lakini kinachozuia upepo usilisokote ni bati, nalo ni alumini ambayo mara nyingi unene wake haufiki milimita moja. Mbavu hulipa umbo na kulishikilia lisikunjike.

Ndiyo maana hili la pili hunikera zaidi: "Kombo dogo litajinyoosha likishapigwa ribiti."

Halijinyooshi ng'o. (Ribiti ni kile kipini kifupi kinachounganisha bati na mifupa kwa kupondwa mkia.) Kabla ya bati, mifupa ya bawa unaisokota kwa mikono. Ukishafunga juu na chini, kasha limepata kifuniko, na kombo lililokuwamo limefungiwa humo. Ndege itaegemea upande mmoja, na rubani atakuwa akiirudisha kwa mkono safari nzima mpaka Chake Chake. Sisi tulitundika timazi nne kwenye boriti, tukafumba jicho moja mpaka nyuzi zote zikafichana nyuma ya ule wa mbele. Kusi ikawa inaziyumbisha, mpaka tulipozitumbukiza kwenye makopo ya maji ndipo zikatulia. Kazi ya siku nzima, na hatukupiga ribiti hata moja.

Bati lenyewe nalo lina tabia zake. Lililosahauliwa juani likizidi mifupa iliyo kivulini kwa nyuzijoto 10 tu, kila mita mbili na nusu hurefuka zaidi ya nusu milimita, na matundu hayaonani tena. Tunapiga asubuhi mapema (majirani watusamehe), tukianzia katikati kwenda pembeni, huku vibanio vya springi vikishikilia kwingine kote. Ukianzia ncha zote mbili, katikati hubaki tumbo linalolia *pwa!* kila ukilibonyeza, kama kopo la maziwa.

Fundi mmoja wa majahazi kutoka Nungwi alinitazama nikipiga, akauliza: "Mbona unaionea huruma? Ipigilie mpaka ikae!" Shikamoo yake nilimpa, lakini ribiti si msumari. Yenye kipenyo cha milimita 3.2 huachiwa mkia wa kama milimita 4.8, kisha mkia huo hukandwa ukatanuka mpaka upana wa 4.8 na kubakiwa na kimo cha 1.6. Ukizidisha, bati huvimba na kichwa hupasuka. Tena ribiti yenye kasoro ndogo mara nyingi ni bora uiache, maana ukiitoboa kuitoa, tundu hupanuka, na tundu bovu ni baya kuliko ribiti mbaya.

"Alumini haili kutu." Haifanyi wekundu, hilo tu. Chumvi huitafuna ikawa unga mweupe, hasa pale bati mbili zinapolaliana. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa ikifanya safari fupifupi baina ya visiwa vya Hawaii kama hizi zetu, ilibomoka paa angani. Gundi ya maungio iliachia, unyevu ukaingia, nyufa zikatambaa kutoka ribiti moja hadi nyingine. Mhudumu mmoja alipeperushwa akafa. Kwa hivyo tunapaka rangi ya kinga pande zinazogusana kabla ya kuunganisha. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikigusa alumini tupu penye chumvi, huliwa alumini. Hata mstari wa penseli una madhara hayohayo. Tumia kalamu ya wino.

"Ndege yako, banda lako, nani atakuuliza?" Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na mkaguzi hutaka kuona ndani kabla hujafunga.

Yule mzee wa Nungwi alirudi juzi. "Kalafati mnatia wapi?" Nikamwambia maungio hatuyazibi kama ya jahazi, isipokuwa bati linapokuwa ndilo tangi la mafuta. Akaniita upande wa pili: vitundu vya kutolea maji chini ya bawa, nimechelewa kujua, kijana wangu alikuwa keshaviziba vitatu kwa gundi. Alidhani ni makosa ya drili. Nikatafuta waya.