Je, wajua? Timu za softiboli zikilingana, nani hukaa juu?

Mei 2025, mjini Athens, jimbo la Georgia nchini Marekani, Oklahoma na Texas A&M zilifika fainali ya mashindano ya SEC, moja ya konferensi (makundi ya vyuo vinavyoshindana) kubwa za softiboli ya wanawake wa vyuo. Hali ya hewa ikachafuka, mechi ikafutwa, na timu zote mbili zikatangazwa bingwa. Kombe moja, mabingwa wawili.

Kinachonivutia ni kwamba siku chache kabla ya hapo, konferensi hiyohiyo ilizipanga timu zake 15 kwenye mstari mmoja, ya kwanza mpaka ya kumi na tano, wala haikuziacha timu mbili zikae nafasi moja. Ubingwa umegawanywa, lakini nafasi ya sita na ya saba hazigawanywi. Kwa nini?

Kwa sababu nafasi ni mlango wa kuingilia kwenye mtoano. Timu mbili zinaweza kushika kombe moja, lakini haziwezi kuingia uwanjani kwa wakati mmoja kumkabili mpinzani mmoja. Ndiyo maana hata kwenye msimu wa kawaida, timu mbili zikimaliza kileleni zikiwa sawa, konferensi nyingi huzipa zote taji la msimu, halafu hutumia kanuni za kutenganisha kwa ajili ya kupanga ratiba ya mtoano tu.

Tuanze na mchezo wenyewe. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ni ndugu mdogo wa besiboli. Mtupaji hurusha mpira kwa mkono unaopita chini ya kiuno, kutoka umbali wa futi 43, na besi, yaani vituo vinne ambavyo mchezaji huvizunguka akikimbia, zimeachana futi 60. Mechi ina iningi saba, na katika kila iningi kila timu hupata zamu moja ya kupiga. Anayezunguka besi zote na kurudi nyumbani, yaani kwenye kibao anapoanzia mpigaji, ameipa timu yake mkimbio mmoja. Vyuo vya Marekani vimejiunga katika makundi yanayoitwa konferensi, na kila konferensi ina msimamo wake, kama ligi ndani ya ligi.

SEC ina vyuo 16, ila Vanderbilt hakina timu ya softiboli, ndiyo maana zinabaki 15. Kila timu hucheza mechi 24 za konferensi: wapinzani wanane, mechi tatu kwa kila mpinzani, na kwa kawaida zote tatu huchezwa mfululizo kwenye wikendi moja. Sasa piga hesabu. Timu ina wenzake 14, inakutana na wanane, na sita haiwaoni kabisa msimu mzima mpaka labda kwenye mtoano. Hii si kama ligi zetu za soka ambapo kila mmoja hukutana na kila mmoja, nyumbani na ugenini.

Jambo la pili linalomshangaza shabiki wa soka ni kwamba msimamo huu hauna pointi. Hupangwa kwa uwiano wa ushindi, yaani mechi ulizoshinda ukigawanya kwa mechi ulizocheza, na huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Sababu ni mvua. Msimu unaanza Februari na katika konferensi nyingi timu huchezana Machi na Aprili, majira ya dhoruba kusini mwa Marekani. Mechi ikifutwa na wikendi ikaisha, mara nyingi hairudiwi, maana wikendi inayofuata kila timu ina mpinzani mwingine.

Chukua mfano wa kubuni. Timu moja imeshinda 16 na kupoteza 8. Nyingine imefutiwa mechi mbili, imeshinda 15 na kupoteza 7. Kwa macho ya haraka, yenye ushindi 16 iko mbele. Kwa uwiano, ya kwanza ina .667 na ya pili .682, kwa hiyo yenye ushindi mchache ndiyo inakaa juu. Kwenye msimamo huwa kuna safu nyingine inayoonyesha timu iko nyuma kwa mechi ngapi. Hapo timu hizi mbili zinaonekana sawa kabisa: moja imezidi ushindi mmoja na imezidi pia kipigo kimoja. Safu moja inasema wamelingana, nyingine inasema hapana, na inayosikilizwa ni ya uwiano.

Uwiano nao ukilingana, hapo ndipo kanuni za kutenganisha huanza kazi. Kila konferensi ina zake, lakini mlango wa kwanza karibu kote ni uleule: wao kwa wao. Walipokutana, nani alishinda?

Mashabiki wa La Liga wanalijua hili. Msimu wa 2006/07 Real Madrid na Barcelona zilimaliza na pointi 76 kila moja. Barcelona ilikuwa na tofauti ya mabao ya 45, Madrid 26 tu. Ubingwa ukaenda Madrid, kwa kuwa ilishinda 2-0 nyumbani na kutoka sare ya 3-3 Camp Nou. Tofauti ni kwamba mechi mbili za soka zinaweza kuwaacha wawili sawa. Mechi tatu za softiboli haziwezi, labda mvua iharibu moja. Tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo jibu la ubishi wa Mei limeshapatikana kwenye wikendi fulani ya Machi, wakati hakuna aliyekuwa akiwaza msimamo. Napenda sana mpango huu, kwa sababu timu zinatenganishwa na kile zilichofanyiana uwanjani.

Mimi nimekulia kwenye hesabu za tofauti ya mabao, na swali langu la kwanza lilikuwa: kwa nini wasihesabu tofauti ya mikimbio tu? Nilipoanza kuufuatilia mchezo, nikaona kwamba umejengwa kwa namna inayoiharibu hesabu hiyo. Timu ikiongoza kwa mikimbio minane baada ya iningi tano, mechi ya vyuo hukatishwa. Aliyekuwa na uwezo wa kushinda kwa 15 anaishia kwenye nane au tisa.

Halafu kuna mwenyeji, ambaye kwa kawaida hupiga wa pili. Kama anaongoza baada ya mgeni kumaliza zamu yake ya saba, mwenyeji hapigi tena. Mechi imeisha, na zamu nzima ambayo angeongezea mikimbio haipo. Sasa sogea karibu. Ni 3-3, iningi ya saba, mwenyeji anapiga, besi zote tatu zina wakimbiaji. Mpigaji anauchapa mpira unaodunda mpaka kwenye uzio wa nyuma. Wakimbiaji wote watatu wangefika nyumbani bila shida, lakini wa kwanza akigusa tu kibao cha nyumbani, mechi imekwisha 4-3. Wale wawili nyuma yake hawahesabiwi. Angeupiga juu kabisa ya uzio, wote wangehesabiwa pamoja na yeye mwenyewe, na ingekuwa 7-3. Ushindi uleule, tofauti ya moja au ya nne kwa sababu ya hatua chache za uzio. Kuipanga timu kwa hesabu ya namna hiyo ni kumdhulumu anayeshinda nyumbani.

Na zile timu ambazo hazikukutana? Hapa wao kwa wao haipo, na kanuni hutafuta shahidi mwingine. Njia moja ni kuangalia wapinzani ambao timu zote mbili zilicheza nao na kulinganisha matokeo. Njia nyingine inayotumika sana ni kushuka ngazi: kila mmoja alifanya nini dhidi ya timu ya kwanza kwenye msimamo? Wakiwa sawa, dhidi ya pili, kisha ya tatu, mpaka tofauti ionekane. Udhaifu wake ni kwamba mmoja anaweza kuwa hakupangiwa kabisa kucheza na timu ya kwanza, na hilo liliamuliwa na ratiba. Ngazi zote zikiisha, huja kura au kurusha shilingi. Wasichana wamecheza miezi mitatu, halafu shilingi inaamua. Inaniuma kila nikifikiria, ingawa ni nadra kufika huko.

Nafasi hizo zina uzito kwa sababu ya mkono wa mtupaji. Timu nyingi hutegemea watupaji wawili au watatu, na mmoja ndiye nguzo. Kwenye mtoano wa konferensi wenye mechi kila siku, timu za juu hupumzishwa raundi za mwanzo. Timu iliyotupwa chini kwa kanuni ya kutenganisha inaweza kulazimika kucheza siku moja zaidi, na nguzo yao inaingia robo fainali ikiwa na mitupo mia na ushee ya jana begani. Anayebeba mashindano hayo huwa na uhakika wa kuingia kwenye timu 64 za michuano ya taifa, inayomalizikia Oklahoma City.

Kizungumkuti kikubwa ni timu tatu zikilingana. A ameishinda wikendi ya B kwa mechi mbili kwa moja, B akaishinda ya C vivyo hivyo, C naye akaishinda ya A. Ni mduara, kila mmoja ana mtu wa kumnyooshea kidole. Hapo mechi zote kati yao hujumlishwa kama msimamo mdogo, na katika mduara huu kila timu ina ushindi tatu na vipigo vitatu. Imebidi waende kwenye ngazi.

Lakini rudi kwenye wikendi ya A na B. A alishinda Ijumaa na Jumamosi, B akanyakua ya Jumapili. Kama B angelegea siku hiyo, akisema wikendi imeshapotea, A angekuwa na ushindi wa nne na vipigo viwili, C angebaki na tatu kwa tatu, na B angekuwa wa mwisho kwa mbili kwa nne. Mechi moja ya Jumapili mwezi Machi, ambayo haikubadilisha mshindi wa wikendi, ndiyo iliyomweka B hai mpaka Mei.