Majani hayazai mbu

Mimi ni fundi wa kupulizia dawa ya wadudu, na Februari ikikaribia kwisha, simu yangu haipumziki. Masika yananukia, na watu wa Dar wanakumbuka ghafla kwamba nyumba zao zina ua. Juzi kanipigia mama mmoja wa Kimara, mteja wangu wa siku nyingi, sauti imejaa ushindi: "Fundi, mwaka huu nimekuwahi. Nimefyeka mpaka ukoka. Mbu watajua hawajui. Wewe njoo upulizie juu juu tu." Nikaenda. Kweli kiwanja kilikuwa kimenyolewa kama kichwa cha mtoto siku ya arobaini. Nyuma ya jiko nikakuta pipa la bluu lenye maji nusu, na viluwiluwi vimejaa mpaka maji yanacheza yenyewe.

Nimechoka kulisema hili uani kwa watu, moja moja, huku nimebeba bomba mgongoni. Mbu hatagi mayai kwenye majani makavu wala kichakani, hutaga penye maji. Ukiwakuta kichakani ni kwa sababu mchana wanatafuta kivuli na unyevu, basi. Unapita jioni, wanaruka, unasema hapa ndipo wanapozaliwa. Ni sawa na kukuta umati stendi ya Mbezi ukadhani wote wamezaliwa pale.

Tena kufyeka kunaweza kukuharibia. Mbu wa malaria, Anofelesi, wale tunaowajua zaidi huku kwetu hupenda vidimbwi vya mvua vinavyopigwa jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, maji yanayotuama katikati ya matuta ya matembele. Kiwanja chenye mabonde mabonde ukikiondolea kivuli bila kufukia mabonde yenyewe, umemfungulia Anofelesi mlango. Fukia kwanza, halafu fyeka ukipenda. Kufyeka kuna faida zake, panya na nyoka hawapendi uwanja mweupe. Ila hiyo ni hesabu nyingine.

Na kuna mimea inayotunza maji kweli, nisije nikaonekana naitetea yote. Vunja jani la mgomba pale linapokutana na shina, au angalia magimbi na minanasi baada ya mvua: kuna kijikombe cha maji, na mbu wa jamii ya Aedesi wanakijua. Kwa hiyo ukisema mgomba unaleta mbu, nakukubalia nusu. Ukisema ukoka, nafunga mkoba wangu.

Ukitaka kujua una mbu gani, chota maji kwa bakuli jeupe utulie kidogo. Kiluwiluwi kinacholala sambamba na uso wa maji ni cha Anofelesi. Kinachoning'inia kichwa chini ni cha Kuleksi au Aedesi. Hawa wawili uwatofautishe kwa mahali: Kuleksi ni wa maji machafu, chemba na mashimo ya vyoo, ndiye anayekuimbia sikioni usiku na ndiye anayebeba matende na mabusha hapa pwani. Aedesi ni wa vyombo, ana madoa meupe miguuni, anauma mchana. Dengi iliyotusumbua Dar mwaka 2014, ikarudi 2019, ilikuwa kazi yake.

Huyu Aedesi ndiye anayefanya niandike haya leo na si Aprili. Mayai yake hayaelei. Anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yakikauka hayafi. Yanakaa miezi mingi yakisubiri. Yaliyotagwa wakati wa vuli kwenye tairi lako, kwenye kifuu cha nazi nyuma ya banda la kuku, kwenye ndoo iliyovunjika mpini, bado yapo. Mvua ya kwanza ya masika ikipandisha maji mpaka pale yalipo, yanaanguliwa, na baada ya wiki moja au siku kumi una mbu wazima.

Ndiyo maana nikimwambia mtu "mwaga maji" naye akamwaga kwa haraka huku ananiangalia kama tumemaliza, roho inaniuma. Kumwaga hakutoshi. Sugua. Chukua brashi ngumu na sabuni, usugue pipa ndani pote, hasa ule mstari ambapo maji huishia. Pipa la kunywea funika kwa kitambaa ukifunge kwa mpira, maana mfuniko uliopinda ni mapambo tu. Matairi toboa au ondoa. Gata toa majani, hapo majani nakubali. Visahani vya maua, jaza mchanga. Na rudia kila wiki. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mzuri kwa barabara, lakini kwa mbu mwezi ni muda wa kupata wajukuu.

Sasa chemba. Nyumba nyingi ninazoingia zina mfuniko wa zege wenye ufa unaopitisha vidole viwili, na bomba la hewa la choo liko wazi juu kama filimbi. Ziba ufa kwa saruji. Juu ya bomba funga wavu, matundu yasizidi milimita moja na nusu, na usiweke ule wa chuma cha kawaida kwa sababu hewa ya choo inaula. Nunua wa alumini. Kuna watu wanamwaga oili chafu shimoni. Viluwiluwi vinakufa, sikatai, vinakosa pumzi. Ila oili hiyo inaelekea kwenye maji ya kisima cha jirani, na sitaki kuwa mtu aliyekushauri.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga vipunje vya povu, kama vile vya kwenye maboksi ya televisheni, ndani ya mashimo ya vyoo yenye maji. Vikaelea vikafunika uso wote, mbu hana pa kutagia, na mbu wakapungua sana. Naipenda hiyo njia kuliko dawa yoyote niliyo nayo. Nimeijaribu kwa wateja wawili. Kwa mmoja imekaa vizuri mpaka leo. Kwa mwingine, wa bondeni, shimo lilifurika Aprili na vipunje nikavikuta barabarani. Sijapata dawa ya hilo.

Na bomba langu la mgongoni? Nitasema ukweli ambao utaninyima hela. Kupuliza dawa uani kunaua mbu walio pale saa ile. Wiki ijayo chemba ya jirani inakuletea wengine. Tena mbu wengi wa mjini wameshazoea dawa za jamii ya pareto tunazotumia karibu sote. Kuna siku nimemaliza nyumba, nikalipwa, nikaondoka nikijiuliza kama mwenye nyumba alilala vizuri kwa sababu yangu au kwa sababu upepo wa bahari ulivuma. Ndani, kutani wanapotua, dawa ina maana zaidi. Uani, mara nyingi unalipia harufu.

Wasumbufu wengine wa nyumbani, kwa haraka. Panya: tundu linalopitisha kidole gumba linatosha kwa mtoto wake, lizibe kwa saruji yenye vipande vya chupa. Mende: chakula usiku kisilale wazi, na angalia chini ya friji. Mchwa: mbao na kuni zisiegemee ukuta. Nyoka: hayo mafuta ya taa mnayozungushia nyumba hayamzuii, mnapoteza mafuta, ondoeni panya anaowafuata.

Yule mama wa Kimara alinisikiliza mpaka mwisho, akaita vijana wakainamisha pipa. Kisha akaniuliza, "Sasa fundi, ina maana hupulizii?" Nikapulizia chumbani na sebuleni. Uani nilikataa, akanuna, na chai hakunipa.