Pesa za kulea watoto na wizi: yanayosemwa na yalivyo

Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini, zikitajwa kwenye baraza la chifu hapa Nairobi, iwe Mukuru, Korogocho au Kawangware, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye wizi. Watu wana haki ya kuuliza. Mlezi wa mayatima hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, awe na mtoto mmoja au watano, kwa hiyo shilingi 200 ikikatwa njiani, sehemu ya kumi ya riziki yao imekwenda. Kinachonikera ni kwamba majibu tunayopeana kuhusu wizi huo hatujayachunguza, na anayependekeza pesa zitengwe za kuyachunguza huonekana kama mmoja wa walaji.

“Pesa za utafiti zingewanunulia watoto unga.”

Mpango wa mayatima ulianza mwaka 2004 kama jaribio dogo la kaya 500 huko Garissa, Kwale na hapa Nairobi. Haukukua kwa huruma peke yake. Kuanzia 2007 watafiti walilinganisha kaya zilizopata pesa na kaya za hali hiyo hiyo ambazo zilikuwa bado hazijaanza kupata. Walikuta watoto wengi zaidi wameandikishwa sekondari, na baadaye ikaonekana kwamba vijana wa kaya zile walichelewa zaidi kuanza kujamiiana. Matokeo kama hayo ndiyo yanayompa mtetezi wa watoto la kusema mbele ya Hazina ya Taifa. Marekani, ambako serikali huwasaidia wazazi wa kipato cha chini kulipia vituo vya kulea watoto, sheria yao ya 1990 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2014 iliruhusu hadi nusu ya asilimia moja ya fedha hizo iende kwenye utafiti na tathmini. Hiyo ni shilingi tano katika kila elfu moja. Hizo tano hazimnyimi mtoto uji. Tena zinaweza kutuonyesha nani anameza mia mbili.

“Ripoti imesema malipo yana kasoro, basi yameibwa.”

Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa, waandishi wa habari wakiwemo. Kila jimbo la Marekani hupitia mafaili 276 ya msaada huo wa malezi katika mzunguko wa miaka mitatu kutafuta malipo yasiyo sahihi, na kasoro nyingi za aina hiyo ni cheti kilichokosekana kwenye faili au karani aliyekosea hesabu ya kipato. Kwetu inaweza kuwa tarakimu moja ya kitambulisho iliyoandikwa vibaya, au mlezi aliyefariki ambaye jina lake bado liko kwenye orodha. Ni makosa, na yarekebishwe, lakini dawa yake si ile ya mwizi.

Jimbo la Minnesota lilipata somo hili waziwazi. Yalizuka madai kwamba dola milioni 100 zilikuwa zikiibwa kila mwaka katika msaada wa malezi ya watoto. Mwaka 2019 mkaguzi wa bunge la jimbo akasema hakupata ushahidi wa kuthibitisha kiasi hicho. Wizi ulikuwapo, na watu walishtakiwa, ila uliokuwa umethibitishwa mahakamani ulikuwa wa milioni chache. Anayekuza kiasi na anayekana wizi wote wawili wanawaumiza watoto.

“Wanaoiba ni akina mama wanaodanganya.”

Wapo wanaodanganya. Lakini mwaka 2010 wachunguzi wa ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani walijifanya wazazi na walezi katika majimbo matano, wakiwa na watoto wa kubuni, na mara kadhaa wakafanikiwa kulipwa. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa ofisi. Mwenye kituo cha kulea watoto anayedai malipo ya watoto wasiofika ni ndugu wa yule anayelipa wafanyakazi hewa, na hao tunawajua vizuri.

Angalia siku ya malipo hapa mtaani. Nyanya amefua nguo za watu miaka mingi na vidole vimelainika. Anaweka kidole gumba kwenye mashine, inakataa. Anapangusa kwa leso, anajaribu cha shahada, inakataa tena. Wakala anayelipa kwa niaba ya benki anaweza kumwambia arudi Jumatatu, au amnong'oneze kwamba akiacha kitu kidogo mambo yatanyooka. Kwenye mfumo itaonekana ama pesa zimechukuliwa zote, ama mwenyewe hakuja. Yale makato hayana safu ya kuandikwa. Mkaguzi atakayefungua kompyuta baadaye ataona kila kitu ni shwari, na hapo ndipo pa kupeleka mtafiti, akakae kwenye ile foleni.

“Tuweke mashine itambue wezi, tumalize.”

Uholanzi ilifanya hivyo. Mamlaka yao ya kodi ilitumia programu ya kupima hatari kuchagua wazazi wa kuchunguzwa katika msaada wa malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyompandishia mzazi alama. Kosa dogo, hata sahihi iliyosahaulika, lilitosha mtu adaiwe arudishe msaada wote, maelfu ya yuro. Makumi ya maelfu ya wazazi waliumia. Wako waliopoteza nyumba, ndoa zikavunjika, na zaidi ya watoto elfu moja wa familia hizo waliondolewa kwa wazazi wao katika miaka hiyo. Baraza zima la mawaziri la Mark Rutte, waziri mkuu wa wakati huo, lilijiuzulu Januari 2021, na waliodhulumiwa wakaahidiwa fidia ya kuanzia yuro 30,000. Hesabu ya kulipa fidia ni kubwa kuliko ya kuijaribu mashine kabla ya kuiachilia kwa watu. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine pekee. Walezi wangapi wameambiwa hivyo?

“Tuongeze fomu.” Muuza mboga wa Marikiti akifunga biashara siku nzima kutafuta muhuri, mwaminifu ameshaumia. Laghai ana mtu wa kumjazia.

Ningependa tulipie kazi moja ya kawaida kabisa: kila baada ya malipo, wapigiwe simu walezi wachache waliochaguliwa bila upendeleo, na mtu asiye wa wakala wala wa ofisi iliyolipa, waulizwe walipokea ngapi mkononi, walisafiri umbali gani, na nani aliwaomba kitu. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 iliweka lengo la asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti na hatujalifikia. Bajeti ikiletwa kwa wananchi watoe maoni, mwulize mbunge wako ni shilingi ngapi zimetengwa kwa simu hizo, na ni nani atakayeyasoma majibu.