Kundi la WhatsApp la wanawake: uliza kwanza simu inashikwa na nani

Kabla ya kufungua kundi la wanawake Bahi, Chamwino au Mpwapwa mkoani Dodoma, jueni simu ya kila mwanachama inashikwa na nani jioni. Nyumba nyingi zina simu janja moja, nayo ni ya baba. Mkijadili kipigo humo, mpigaji atapata habari kabla ya polisi.

Ndiyo maana kundi kubwa mimi naliachia matangazo: siku za kikoba, mikutano ya kijiji, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa wanawake. Watume wasimamizi tu, nao wasipungue wawili. Akiwa mmoja na simu yake ikaibwa, hakuna wa kuitoa namba yake. Kiungo cha mwaliko kikivuja, kiweke upya, cha zamani hakitafanya kazi. Ujumbe wa sauti kwa Kigogo unawafikia wengi kuliko maandishi. Usizidi dakika moja, na msikilizaji aweke simu sikioni ili sauti isitoke kwenye spika.

Habari za ukatili zipokelewe na mtu mmoja aliyeaminiwa, kwa kupigiwa, hata kwa kitochi, saa anayoichagua mwathirika.

Wenye simu janja waweke PIN ya tarakimu 6 ya uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, kisha wafungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Aliyeshika simu yako dakika moja anaweza kuiunganisha na kompyuta yake akawa anasoma kila kitu. Kifaa usichokijua huondolewa, ila si kwa pupa: anayeishi na mtu mkali apange kwanza atalala wapi, maana anayempeleleza atagundua amefungiwa.

Ujumbe unaotoweka (saa 24, siku 7 au 90) huisaidia simu ya familia, lakini hula ushahidi. Tishio likiingia, piga picha ya skrini papo hapo, tarehe na saa zionekane. Jina ulilolihifadhi huficha namba, hivyo fungua wasifu wa aliyetuma upige picha ya pili. Zipeleke Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Unyanyasaji wa mtandaoni umo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Kwa picha za utupu za aliyetimiza miaka 18 zinazosambazwa bila ridhaa yake, ipo tovuti ya StopNCII.org. Inatengeneza alama ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitumwi popote, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook na Instagram, huitumia alama hiyo kuizuia. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki, kwa hiyo huko bado mtategemea picha za skrini na dawati.