Miguu Haina Kosa: Kugeuka kwa Foili Kwenye Ghuba ya Winam

Nafundisha foili ya tiara hapa Kisumu, kwenye ghuba hii ya Ziwa Victoria: unasimama juu ya ubao unaovutwa na tiara, na chini yake kuna mlingoti wenye bawa linalopita majini na kuuinua ubao hewani. Ukigeuka upande wa pili, mguu wa mbele na wa nyuma hubadilishana nafasi. Jumamosi iliyopita kijana mmoja alitoka majini anatema maji, ubao kwapani, akaniambia kile ambacho mwezi huu nimeambiwa mara nne: "Mwalimu, miguu yangu ni mizito. Wiki hii nitafanya mazoezi ya kubadilisha miguu nyumbani, juu ya zulia." Nilimjibu vizuri, lakini roho iliniuma. Najua wiki nzima ataruka-ruka juu ya hilo zulia, na Jumamosi ijayo ataanguka palepale alipoanguka, kwenye kona.

Miguu haikuangushi. Ulishaanguka kabla miguu haijasogea; huwa inachelewa tu kupata habari.

Kwanza tuelewane kuhusu saa. Walimu wengi hutaja mahali tiara ilipo angani kana kwamba ni mshale wa saa, kwa namba za Kizungu, na mwanafunzi anayesoma saa kwa Kiswahili anachanganyikiwa kamba zikiwa zimekaza. Mimi nasema saa sita, jua la utosini: tiara iko juu ya kichwa. Saa tano na saa saba ni pembeni kidogo ya utosi. Saa nne na saa nane ndipo inapovuta kwa raha.

Sasa fikiria unageuka kwa kufuata upepo, tiara inatoka saa nne kwenda saa nane. Una kilo 75. Tiara inapokuwa saa nne inakuvuta kwa ubavu, na sehemu kubwa ya uzito wako iko juu ya ubao. Inapopanda kufika saa sita inaanza kukuinua. Tuseme inakubebea kilo 20. Bawa lililo chini ya maji halijui habari za tiara. Linachojua ni kwamba mzigo umepungua ghafla kutoka 75 hadi 55 na mwendo bado ni uleule. Litafanya nini? Litapanda. Wewe unaona maji yanakwenda mbali, unashtuka, unakandamiza mguu wa mbele. Wakati huohuo tiara imeshavuka utosi inashuka kuelekea saa nane, na zile kilo 20 zinakurudia zote, juu ya mguu ambao tayari umeukandamiza. Ubao unapiga pua, unarushwa mbele. Na kwa kuwa kitu cha mwisho ulichokisikia ni miguu, unailaumu miguu.

Hapo ndipo ninapotaka watu wakae na kufikiri, kwa sababu ndipo penye kila kitu. Ukiwa kwenye kona uzito wako haukai sawa. Anayegeuka vizuri amezoea kuutarajia: tiara inapokaribia saa sita anaegemea mbele mapema, kidogo tu, kabla ubao haujapanda, na anaiachia fimbo, ile anayoishika kuongozea tiara, iende mbele kiasi cha upana wa kiganja. Wengi hufanya kinyume. Wakiogopa wanaikumbatia fimbo kifuani, na fimbo ikivutwa tiara ikiwa utosini, unanyanyuliwa zaidi. Kisha tiara inapoanza kushuka, ondoa ule mgandamizo wa mbele. Goti la nyuma lilegee, lisikauke.

Jambo la pili ni kimo. Mlingoti wangu wa kufundishia una sentimita 75, na bawa lake la mbele lina upana wa sentimita 80 hivi. Ukiingia kwenye kona ubao ukiwa sentimita 60 juu ya maji, bawa liko sentimita 15 tu chini. Ukiinama nyuzi 30, ncha ya nje ya bawa inapanda karibu sentimita 20 kuliko katikati. Piga hesabu mwenyewe. Ncha inachungulia nje, inavuta hewa, bawa linapoteza nguvu, unadondoka kama embe. Ingia chini. Shubiri mbili kati ya ubao na maji zinatosha, na ubao ukigusa maji katikati ya kona ukiwa bapa na una mwendo, hakuna kilichoharibika: utasikia "pwaa", utapunguza kasi kidogo, utainuka tena. Kugusa si kuanguka, ingawa sijui kwa nini watu wanaona aibu nako.

Tangu Olimpiki ya 2024, mchezo huu ulipoingia kwa mara ya kwanza pale Marseille na Valentin Bontus na Ellie Aldridge wakatwaa dhahabu, wanafunzi wananijia na video za watu waliolala karibu na maji. Wanataka kulala hivyo kwenye kona. Wale wana mwendo mkali na tiara zinazowavuta muda wote. Mwili unaegemea mvuto uliopo. Wewe ukifuata upepo kwa mwendo wa kujifunza, unaelekea kule tiara iliko, kamba zinalegea, na hakuna cha kuegemea. Ndiyo maana tiara isisimame kamwe katikati ya kona. Iendelee kutembea, nawe uendelee kukata kona.

Kisumu ina mambo yake. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Diani. Anayekuja na tiara aliyoizoea Pwani anaona haina nguvu, kwa hiyo anaichapa kwa hasira ili ivute, na kuichapa huko ndiko kunakomrusha juu ikipita utosini. Njoo na tiara kubwa kidogo, uizungushe kwa utulivu. Halafu upepo wetu wa alasiri hutoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo kila kona ya kufuata upepo inakusogeza ufuoni, kwenye maji mafupi, nyavu na gugu maji. Mtu akiona ufuo unakuja, anaharakisha kona. Anza mbali, na ukiona magugu mbele yako rudi. Mzizi mmoja ukinasa kwenye mlingoti, ubao unasimama na wewe unaendelea. Mahali penye viboko hatugeuki wala hatuanzi.

Yapo ninayoyaonea shaka. Nafundisha miguu ibadilishwe baada ya kona, tiara ikishatulia na kuvuta. Hata hivyo nina dada mmoja anayebadilisha kabla ya kuingia, na anageuka vizuri kuliko wote niliowafundisha mwaka huu. Nikimwambia afuate utaratibu wangu anaharibikiwa. Pia nilikuwa mtetezi mkubwa wa mlingoti mfupi kwa wanaoanza, kwa sababu ukianguka huanguki kutoka juu sana. Lakini ni ule ule mfupi unaofanya bawa lichungulie nje kwenye kona. Siku hizi kwa mtu anayekwenda moja kwa moja bila shida, mimi humpa mrefu mapema, na kila mara nampa kwa wasiwasi. Kofia na koti la kuelea havina mjadala. Nina kovu la bawa kwenye muundi wangu wa kulia.

Yule kijana wa zulia nilimrudisha majini siku ileile. Nilimwambia kitu kimoja: kona hii usibadilishe miguu kabisa, na hakikisha ubao unagusa maji tiara ikiwa saa sita. Mara ya kwanza alisahau, akarushwa. Mara ya tatu nilisikia "pwaa" kutoka nilipokuwa nimesimama, nikaona fimbo ikimtoka kifuani kidogo, tiara ikashuka saa nane, ubao ukainuka. Alitoka kwenye kona miguu ikiwa kinyume, mgongo umepinda, akaenda hivyo mpaka karibu na magugu. Huko ndiko alikoibadilisha miguu, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu anayevua viatu mlangoni.