Roki ya sanaa ya kielektroniki ni nini? Mfano wa Kraftwerk

Roki ya sanaa ni roki iliyokataa kubanwa na mpangilio wa ubeti, kiitikio na gitaa la kujionyesha. Wimbo wake mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa santuri, na wanamuziki hushughulika na sauti zenyewe kuliko maneno. Sintesaiza (ala za umeme zinazounda sauti) na mashine za midundo zikishika usukani, basi ni ya kielektroniki. Kwangu hakuna bendi inayoonyesha safari hiyo ya kutoka ala za kawaida hadi mashine waziwazi kama Kraftwerk ya Düsseldorf, Ujerumani.

Ralf Hütter na Florian Schneider waliianzisha mwaka 1970. Walizaliwa mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, wakakua redio zikiwa zimejaa muziki wa Waingereza na Wamarekani, nao hawakutaka kuuiga. Hata hivyo albamu yao ya kwanza ilitegemea ala za kawaida: filimbi ya Schneider, kinanda cha Hütter na ngoma zilizopigwa na watu, ingawa sauti zilipitishwa kwenye vifaa vya umeme zikageuzwa.

Wengi husema mageuzi yalianza na albamu ya Autobahn ya 1974. Mimi nayaona kwenye albamu ya pili, ya 1972. Mpiga ngoma Klaus Dinger na mpiga gitaa Michael Rother walikuwa wameondoka kuunda bendi ya Neu!, na wawili waliobaki wakarekodi bila mpiga ngoma. Kazi ya mdundo wakaiachia mashine. Haikuchoka, na juu ya mdundo wake wakajifunza kutunga upya.

Wimbo wenye jina la albamu, Autobahn, wa zaidi ya dakika 22 kuhusu safari ya barabara kuu, ulivuna matunda ya somo hilo. Filimbi bado inasikika humo, lakini kuna sintesaiza ya Minimoog, naye Wolfgang Flür anagonga vibao vya umeme kwa fimbo za chuma. Toleo lililofupishwa liliingia kwenye chati za Marekani na Uingereza. Kufikia albamu ya The Man-Machine ya 1978, hata uimbaji ulikuwa wa kiroboti.

Mwaka 1982 DJ Afrika Bambaataa wa New York alitumia melodia ya Trans-Europe Express, wimbo wa Kraftwerk, katika wimbo wake Planet Rock, na huko Detroit vijana waliokua wakiisikiliza Kraftwerk wakaanzisha tekno, muziki wa densi wa kielektroniki.